Mzee wa Miaka 85 Anapoomba Mlima

Andiko: Yoshua 14:6–15. Soma pia Hesabu 8:23–26 na Luka 2:36–38.

Jumapili iliyopita mvua ilipiga mabati yetu hadi waliokaa nyuma walisikia nusu tu ya mahubiri, na watu wa kwaya wameniambia nusu yenyewe ilikuwa ya salamu na matangazo. Kwa hiyo nimeyaandika tena hapa, na nimeongeza mambo mawili matatu ambayo saa haikuruhusu. Kaa na Biblia yako karibu. Kama kuna mzee au mama nyumbani ambaye hasomi, msomee kwa sauti, maana karatasi hii ni yake kwanza.

Tuanze na Kalebu. Israeli wamefika Gilgali, nchi inagawanywa, kila kabila linangoja sehemu yake. Anasimama mzee mmoja mbele ya Yoshua na kuanza kuhesabu miaka yake hadharani. Alikuwa na miaka 40 Musa alipomtuma kutoka Kadesh-barnea kuipeleleza nchi. Imepita miaka 45 tangu siku hiyo. Piga hesabu naye: 85. Na ombi lake si kwamba apewe shamba tambarare karibu na barabara. Anaomba nchi ya milima ya Hebroni, penye Waanaki, wale majitu, na miji yenye kuta ndefu. Ukitaka kuelewa vizuri, fikiria mtu anagawiwa ploti kule Bomet, anaweza kuchagua yoyote, naye anachagua ile ya mteremko ambayo hata punda anapumzika njiani mara mbili, halafu juu yake kuna watu wenye panga waliokataa kuhama.

Watu wengi wakihubiri hapa hukimbilia nguvu za Kalebu. Mimi nataka tukae kidogo kwenye ile miaka 45. Kumbukumbu la Torati 2:14 inatuambia safari ya kutoka Kadesh-barnea mpaka kuvuka kijito cha Zeredi ilichukua miaka 38. Kwa nini miaka yote hiyo? Kwa sababu wapelelezi kumi waliogopa na taifa zima likaogopa nao. Kalebu hakuogopa. Kalebu alisema ukweli, yeye na Yoshua, karibu wapigwe mawe kwa ajili yake. Lakini jangwani alitembea sawa na wale walioogopa. Alikula mana ile ile na kuzika watu wale wale. Miaka yake 38, miaka ya mwanamume mwenye nguvu kamili, ililiwa na uoga wa watu wengine.

Hapa ndipo Neno linatugusa sisi wa nchi ya chai. Najua kuna watu katika kanisa hili ambao miaka yao haikuliwa na uvivu wao. Kuna mama ambaye baba yake aliuza ng'ombe kumsomesha kaka yake, yeye akaambiwa msichana ni wa kuolewa. Kuna mzee aliyefanya kazi shambani miaka 30 na zaidi akiwa na akili ya kuwa fundi mkuu, lakini hakuna aliyemuuliza. Kuna waliokuwa na miaka 40 na kitu tu wakati mashine za kuchuna chai zilipoingia na jina lao likasomwa kwenye orodha ya wanaokwenda nyumbani. Na kuna mama ambaye bonasi ya kila mwaka ilinyweka kabla hajaiona.

Sasa soma tena hotuba ya Kalebu, mistari ya 6 mpaka 12. Wale wapelelezi kumi anawapa mstari mmoja tu, wa 8, kwamba waliiyeyusha mioyo ya watu. Basi. Amesema ukweli na amepita. Maneno mengine yote ni juu ya kile Bwana alichoahidi na kile anachotaka kufanya sasa. Angeweza kutumia siku nzima akilalamika na hakuna ambaye angemlaumu.

Nilisomea biashara chuo kikuu kabla ya kuingia katika utumishi, na kuna jambo moja la uhasibu ambalo halijawahi kuniacha. Linaitwa uchakavu wa mali. Kampuni inanunua lori la kubeba majani, tuseme kwa shilingi milioni tano. Wahasibu wanasema lori hili tutalipunguza thamani kwa miaka mitano, milioni moja kila mwaka. Mwaka wa sita ukifika, vitabuni thamani ya lori ni sifuri. Sifuri kabisa. Lakini enda barabarani saa tisa alasiri uone. Lori lenye thamani ya sifuri linapanda kilima cha kuelekea kiwandani likiwa limejaa majani, linatoa moshi mweusi, ndiyo, lakini linapanda. Na bila lile lori kiwanda hakiwaki.

Tumewaandikia watu wetu sifuri vitabuni. Serikali inaweka mtumishi wake kustaafu akifika miaka 60, na hiyo ni sawa, kuna vijana wanaotafuta kazi. Ukiwa kwenye mashamba makubwa, siku ya kustaafu unarudisha na funguo za nyumba. Asubuhi ulikuwa na kazi, nyumba, majirani wa miaka 20, king'ora cha kukuamsha. Jioni uko kwenye pikapu na kitanda chako na kuku wawili, unarudi kwenye shamba la baba ambalo ndugu zako wameshazoea kulilima wenyewe. Miezi ya kwanza wageni ni wengi, maana kila mtu anajua kuna pesa. Baadaye pesa inaisha na wageni nao. Halafu unamwona mzee amekaa nje ya duka kuanzia saa tatu asubuhi, anaangalia magari. Ukimsalimia anasema yuko salama. Wengine wanahamia kwenye busaa. Mimi ni mdogo kwa umri lakini nimesimama kwenye makaburi ya wanaume waliotoka kazini wakiwa wazima, na baada ya miaka miwili tunawazika na hakuna daktari aliyeweza kututajia ugonjwa wao kwa jina. Naujua. Mtu alikuwa ameacha kungojewa na mtu yeyote.

Mpendwa, thamani ya kitabuni ni ya mhasibu. Mungu hatumii kitabu hicho.

Lakini ngoja. Sitaki mtu aende nyumbani akaanguke na jembe kwa sababu pasta alisema Kalebu alikuwa na nguvu. Kuna mahubiri ya namna hiyo na mimi siyapendi. Yanamfanya mzee mwenye magoti yanayouma ajisikie kwamba imani yake ni ndogo. Ndiyo maana nimeweka andiko la pili, Hesabu 8:23–26, andiko ambalo sijasikia likihubiriwa mara nyingi. Hapo Bwana mwenyewe anaweka sheria ya kustaafu. Mlawi anaanza kazi ya hema ya kukutania akiwa na miaka 25. Akifika miaka 50 anaachishwa utumishi huo, asiufanye tena.

Kazi yenyewe ilikuwa gani? Soma Hesabu 4 na 7. Walawi walibeba. Mbao, misimamo, mapazia, kamba. Wana wa Kohathi hawakupewa hata magari ya kukokotwa na ng'ombe, kwa kuwa vitu vitakatifu vilibebwa mabegani. Yeyote aliyewahi kubeba kikapu cha majani mgongoni kutoka bondeni mpaka kituo cha kupimia anajua bega la miaka 50 linasema nini. Mungu analijua pia. Hakusema waombewe wapate mabega mapya. Alisema wapumzike na mizigo.

Kisha mstari wa 26 unaongeza jambo. Huyu aliyestaafu ataendelea kuhudumu pamoja na ndugu zake hemani, kulinda ulinzi. Amewekwa chini mzigo, hakutolewa nje ya hema. Anasimama pale, anaangalia, anamwambia kijana wa miaka 25 kwamba ule mti hushikwi hivyo, na lile pazia hukunjwa kwanza upande wa ndani. Nani mwingine angejua? Yeye ndiye aliyelibeba miaka 25.

Tunaye mzee wa namna hiyo hapa kanisani, sitamtaja kwa sababu ataninunia. Alikuwa mtu wa boila kiwandani miaka mingi. Siku hizi hawezi kuinua kitu kizito kwa sababu ya mgongo. Lakini ukipita nyuma ya kanisa Jumamosi utamkuta amekaa kwenye stuli, na vijana wanne wamevaa miwani ya kuchomelea, wanaunganisha mageti. Yeye hashiki chuma. Anasikiliza sauti ya moto. Akisikia sauti imebadilika anapiga kelele, na kijana anasimama. Hao vijana wanne wawili walikuwa watu wa kukaa stejini bila kazi. Mzee huyo hajaweka shilingi yake hata moja katika kazi hii, zile mashine ni za mmoja wa wazazi. Ameweka masikio.

Nimesema kuhusu Hebroni. Nataka sasa niwapeleke karibu kidogo na nyumbani, Ndalat, katika kaunti ya Nandi. Huko aliishi mama mmoja wa Kikalenjin, Priscilla Sitienei, ambaye watu wote walimwita Gogo, yaani nyanya, sisi Wakipsigis tungesema kogo. Kazi yake ilikuwa ukunga wa kienyeji. Alizalisha akina mama kwa zaidi ya miaka 60. Alipokuwa msichana hakupata nafasi ya kwenda shule, na maisha yake yote hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka wa 2010, akiwa na umri wa miaka inayokaribia 90, alienda kwenye shule ya Leaders Vision hapo hapo Ndalat akaomba aandikishwe. Mwanzoni walimkataa. Fikiria ungekuwa wewe ndiye mwalimu, nyanya anasimama mlangoni anaomba dawati. Lakini alirudi, na wakaona kwamba hatanii, wakamkubali.

Akavaa sare ya shule kama watoto wengine. Darasani alikuwa na vitukuu vyake na watoto wa vitukuu. Na baadhi ya wale watoto aliokaa nao kwenye dawati, ni yeye aliyewapokea kwa mikono yake siku walipozaliwa! Waandishi wa habari walipokuja kumuuliza mwaka wa 2015 kwa nini anafanya hivi, alikuwa na sababu zake wazi. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe. Alitaka pia kuandika ujuzi wake wa ukunga na miti shamba ili usizikwe naye. Na alitaka watoto wanaozurura nje ya shule, hasa wasichana waliopata mimba, wamwone yeye na wakose kisingizio. Alikuwa akiwakuta njiani anawauliza kwa nini hawako darasani. Wakimwambia wamekuwa wakubwa sana kwa shule, unaweza kukisia alijibu nini akiwa na sweta ya shule mwilini. Alifariki Novemba 2021, akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi.

Kabla yake alikuwapo Kimani Maruge, wengi mnamkumbuka. Serikali ilitangaza elimu ya msingi ya bure mwaka wa 2003, na Januari 2004 huyu mzee wa miaka 84, aliyekuwa amepigania uhuru, akaingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, na soksi ndefu na kaptula. Naye alisema anataka kusoma Biblia, kwa sababu alishuku kwamba mhubiri hasemi kilichoandikwa. (Mimi kama mhubiri, jambo hilo huniweka macho usiku wa Jumamosi.) Mwaka wa 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani akaenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya watoto. Machafuko ya mwanzo wa 2008 yalimpokonya nyumba yake. Akaishi kambini kwenye hema, na kutoka hemani aliendelea kwenda shule. Aliaga dunia Agosti 2009.

Watu hupenda kusimulia habari hizi kwa kucheka kidogo, kama kichekesho kizuri cha mwisho wa taarifa ya habari. Mimi ninaona kitu kingine. Wote wawili, sababu ya kwanza waliyotaja ni Biblia. Watu hao walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya makanisa. Walisikia Neno miaka na miaka. Na hamu ya kulisoma wenyewe iliwafuata mpaka uzeeni, na mahali walipopata msaada ni kwenye darasa la watoto. Kwa nini si kanisani?

Kuna mama wa kanisa hili ambaye amenipa ruhusa niseme habari yake bila jina. Amekuwa nasi karibu miaka 30. Amefundisha wengine nyimbo, amepika katika kila mkutano wa injili tulioufanya, akifunga na kuomba vijana wanaogopa. Mwezi uliopita alikuja ofisini akaketi, akafungua Biblia yake, nikaona ameishika juu chini. Akaniambia, "Pasta, mimi nimelisikia Neno kwa masikio ya watu wengine. Nikiambiwa fungua Isaya, nafungua katikati, halafu nainama ili jirani asione." Miaka 30 anainama. Na akaniambia jambo lingine. Risiti yake ya majani husomewa na kijana wa jirani. Pesa ya simu hutumwa na mjukuu, ambaye anajua namba yake ya siri. Hajawahi kuwa na uhakika ni kilo ngapi alizoandikiwa. Anaweka kidole kwenye wino na kurudi nyumbani akimwamini Mungu na mwanadamu kwa pamoja.

Nilimuuliza kama angetaka kujifunza. Akacheka, akasema atajifunza nini na kaburi limekaribia. Nikamfungulia Yoshua 14 nikamsomea. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama huyo Kalebu alipewa huo mlima kweli.

Alipewa. Soma mstari wa 13, Yoshua alimbariki akampa Hebroni. Na sura ya 15, mstari wa 14, akawafukuza wale wana watatu wa Anaki. Ila msiachie hapo. Endeleeni mstari mmoja. Kutoka Hebroni anapanda kuuendea mji wa Debiri, ambao zamani uliitwa Kiriath-seferi. Wanaojua Kiebrania wanasema jina hilo maana yake ni mji wa kitabu. Mzee wa miaka 85 anataka mji wa kitabu! Sasa angalia anavyoutwaa. Hapigani peke yake. Anatangaza kwamba atakayeupiga atampa binti yake, Aksa, na Othnieli anaupiga. Ukifika Waamuzi 3:9, huyo huyo Othnieli ndiye mwamuzi wa kwanza wa Israeli. Yaani kiongozi aliyekuja kuliokoa taifa baadaye alipata nafasi yake ya kwanza mikononi mwa mzee aliyekataa kukaa kwenye kiti.

Na Aksa, binti, alishuka kwenye punda akaomba chemchemi za maji juu ya shamba alilopewa. Kalebu akampa za juu na za chini. Wazee wetu, nasema kwa heshima na sitakaa hapa sana kwa kuwa najua mazungumzo ya ardhi yanavyoenda huku kwetu: Kalebu alimpa binti yake shamba na maji akiwa hai, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Mkutano wa wazee wa ukoo baada ya mazishi haukuhitajika.

Niseme na sisi vijana, watu wa miaka 25 mpaka 45. Kuna mambo mawili tunawafanyia wazazi wetu. La kwanza ni kwamba mama akishastaafu tunamletea watoto wetu watatu na kusema tumempa kampani. Kulea wajukuu ni baraka, lakini muulize kwanza. Pengine alitaka kujiunga na kwaya ya akina mama, au kufuga nyuki, au kulala tu mpaka saa mbili kwa mara ya kwanza tangu 1985. La pili ni pesa. Siku kiinua mgongo cha baba kinaingia, kila mtoto anapata maono ya biashara. Mimi nimesomea biashara na nakuomba, usimshike baba yako mkono kumpeleka kununua matatu kuukuu kwa pesa ya miaka 32 ya jasho. Hajui biashara ya matatu, na wewe hujui, na dereva anajua kwamba hamjui.

Kwa anayestaafu, ushauri wangu ni mfupi. Kaa miezi sita kabla hujafanya uamuzi wowote mkubwa wa pesa. Pesa ile iweke mahali inapolala kwa ugumu, ichukue safari ya kuitoa. Katika miezi hiyo tumia muda wako, si fedha yako. Jaribu vitu. Miche ya avokado 20 nyuma ya nyumba haitakufilisi hata ikikauka yote. Ng'ombe mmoja atakufundisha zaidi kuliko wanne wa mkopo. Kama umefikisha miaka 70 na uko kwenye Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi si nyingi, lakini ni zako, na kijana wa nyumbani hana sababu ya kukaa na kitambulisho chako.

Na kuna wengine ambao hamna ng'ombe, hamna kiinua mgongo, na miguu imekataa. Kwenu ninyi nimeweka Luka 2. Nabii Ana, binti Fanueli, wa kabila la Asheri. Aliishi na mume miaka saba tu, akawa mjane. Luka anataja miaka 84, na wasomi hubishana kama huo ni umri wake au ni miaka ya ujane wake, lakini kwa vyovyote alikuwa ajuza. Alikuwa hekaluni akifunga na kuomba. Mtoto Yesu alipoletwa, akamtambua, na saa ile ile akaanza kuwaeleza habari zake wote waliokuwa wakiungojea ukombozi wa Yerusalemu. Hapo mtume hata mmoja alikuwa hajaitwa. Petro labda alikuwa bado mtoto kule Galilaya. Kazi ya kutangaza kwamba amekuja ilianza na wachungaji wa kondoo, mzee Simeoni na bibi mjane. Ukiwa na simu ya kubonyeza na sauti, unaweza kumpigia mgonjwa mmoja kila siku saa nne ukamwombea. Tuna orodha ya wagonjwa 17 na tumeshindwa kuwafikia wote. Mwenye kutaka sehemu ya orodha hiyo aje kwangu.

Nimezungumza na mchungaji wetu kiongozi na wazee wa kanisa, na wamekubali. Darasa la kusoma litaanza Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi jioni, mkishamaliza kupima majani. Litakuwa ndani ya kanisa, mlango ukiwa umefungwa, na hakuna mtoto atakayeruhusiwa kuchungulia dirishani. Walimu ni wawili, dada yetu mwalimu aliyestaafu mwaka jana, na binti yetu aliyemaliza kidato cha nne. Kitabu tutakachosoma ni Injili ya Marko, kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin, maana mtu husoma haraka ile lugha anayoota nayo. Hakuna mtihani. Hakuna ada. Kitu cha kwanza kuandika kitakuwa jina lako, ili bonasi ya Oktoba ikifika ukatae ule wino.

Ukiwa unajua kusoma na una nafasi Alhamisi, njoo ukae kando ya mmoja, na usimsahihishe kwa haraka. Yule mama niliyewaambia habari zake ameandikishwa wa kwanza. Amesema atakaa benchi la mbele, na kwamba anataka kuanzia Yoshua, lakini tumekubaliana Marko kwanza kwa sababu majina ni mafupi.

Majina yanapokewa na mama katibu kila siku isipokuwa Jumatatu. Njoo na miwani yako. Kama huna, ana jozi tatu za kuazima.